Chatu wa ngoma Bariadi na adui wa ukubwa wa mbegu ya mchicha

KUTOKA Lamadi, pale barabara kuu ya Mwanza–Musoma inapopita jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, gari la Bariadi hugeuka, likalipa ziwa kisogo na kushika lami ya kilomita zipatazo 70. Dutwa hupita, kisha Nyakabindi, ambako maonyesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika kuanzia mwaka 2018 hadi 2020. Kulia na kushoto ni mashamba ya pamba, mtama na dengu. Makundi ya ng'ombe huvuka barabara bila haraka, na dereva mwenyeji hapigi honi. Anajua kwamba ng'ombe hapa ndiye mwenye njia.

Bariadi yenyewe ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga. Ni mji wa baiskeli na bodaboda, wa kina mama wanaouza michembe kwa mafungu, na wa salamu zisizokatishwa. Kijana akikutana na mzee asubuhi husimama kwanza, akasema "Mwangaluka", kisha ndipo shughuli ziendelee.

Hata hivyo, jina la Bariadi likitajwa mbali na hapa, wengi hukimbilia kuuliza habari za Gamboshi, kijiji cha wilaya hii ambacho kimevumishwa nchi nzima kwa hadithi za uchawi. Wenyeji wamezoea, hucheka na kubadilisha mazungumzo. Lakini sifa hiyo ina gharama yake. Mnyama wa nyumbani akianza kudhoofika bila sababu inayoonekana, wa kwanza kushukiwa huwa ni jirani. Na hakuna mnyama ambaye ugonjwa wake huzua maneno upesi kama nyoka.

Mbina baada ya mavuno

Nyoka ana kazi yake katika nchi ya Wasukuma. Mavuno yakishaingia ghalani na jua la kiangazi likakausha viwanja, msimu wa mbina, yaani ngoma, huanza. Makundi mawili makubwa hushindana: Wagika na Wagalu. Simulizi za Wasukuma zinataja waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kuwa ndio waanzilishi wake. Mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi, hivyo kila kundi huja na mbinu zake, kuanzia mavazi na dawa hadi vichekesho na wanyama.

Wanaojulikana zaidi kwa nyoka ni Bayeye. Ni chama cha watu waliojifunza kuwakamata nyoka, kuwashika na kuwatibu waliogongwa. Hans Cory, mtafiti wa mila aliyefanya kazi katika Serikali ya Tanganyika, aliandika habari za chama hicho mwaka 1946. Hadi leo, anayekwenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, anaweza kumwona mchezaji akizunguka uwanja na chatu shingoni, watoto wakirudi nyuma na kusogea tena.

Chatu ndiye anayependwa kwa kazi hiyo kwa sababu hana sumu. Nguvu yake iko kwenye kujiviringisha. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na mwenye kundi humwona kama mfugaji anavyomwona dume la kulimia: ni mali, ni heshima, na ni sehemu ya jina lake. Chatu akilala msimu mmoja, kundi hupoteza watu uwanjani, na fedha ya watunzaji huenda kwa wapinzani.

Si kurogwa

Dalili ya kwanza huwa ni maji. Chatu aliyezoea kulala amejikunja kwenye kona ya sanduku lake anaanza kukaa ndani ya beseni la maji mchana na usiku, kichwa tu kikiwa nje. Siku chache baadaye anakataa kula. Anajisugua ubavu kwenye mbao. Wakati wa kujivua gamba ukifika, ngozi haitoki nzima kama soksi. Inatoka vipande vipande, na mingine inabaki imeng'ang'ania karibu na macho na kwenye ncha ya mkia.

Hapo ndipo maneno huanza. Kundi pinzani limetuma kitu. Kuna mtu amepita usiku. Chatu amefungwa asicheze.

Kabla ya kutafuta mchawi, mwenye chatu anahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kitambaa cheupe. Akimpitisha nyoka polepole kwenye kitambaa hicho, au akimlaza juu yake usiku kucha, asubuhi atakiangalia kwenye mwanga wa jua. Akiona vidoa vyeusi vinavyotembea, vyenye ukubwa wa mbegu ya mchicha au chini ya hapo, na kimoja akikiminya kwa kucha kinaacha alama nyekundu, basi jibu limepatikana. Huo ni utitiri, na alama nyekundu ni damu ya chatu wake.

Sehemu nyingine za kuangalia ni kuzunguka macho, kwenye mkunjo wa ngozi chini ya kidevu, ndani ya vitundu vya midomoni ambavyo chatu huvitumia kuhisi joto, na chini ya magamba ya tumboni. Maji ya beseni nayo husema ukweli, kwa kuwa chini yake huonekana vumbi jeusi la utitiri uliozama. Juu ya magamba huweza kuonekana unga mweupe, ambao ni kinyesi cha wadudu hao.

Wafugaji wa Bariadi wanamjua kupe vizuri, na chatu aliyekamatwa porini naye huja na kupe wake. Kupe huonekana kwa macho na huweza kung'olewa mmoja mmoja kwa kibano. Utitiri ni jambo jingine. Kupe kumi wanahesabika, lakini utitiri ukionekana kumi, mamia wengine wamejificha.

Mdudu huyu si wa Afrika pekee. Jina lake la kisayansi ni Ophionyssus natricis, alilopewa na Mfaransa Paul Gervais mwaka 1844, na leo yuko karibu kila mahali duniani ambako watu hufuga nyoka. Nchini Marekani, mtafiti Joseph Camin alionyesha mwaka 1948 kwamba utitiri huweza kumwambukiza nyoka mzima bakteria kutoka kwa mgonjwa, na kumsababishia ugonjwa wa damu unaoua. Kwa hiyo hasara ya chatu mwenye utitiri ni zaidi ya kuwashwa. Ananyonywa damu hadi anapungukiwa, na kila tundu linalotobolewa kwenye ngozi yake ni mlango wa maradhi.

Nyumba ya utitiri ni sanduku

Kosa linalowagharimu wengi ni kumtibu nyoka na kusahau sanduku. Anaogeshwa, anafutwa, anarudishwa kwenye gunia lilelile au kasha lilelile la mbao. Baada ya wiki mbili mambo yanaanza upya, na imani ya kurogwa inapata nguvu zaidi kwa sababu "dawa imeshindwa".

Maisha ya mdudu huyu yanaeleza kwa nini. Jike hunyonya damu, kisha humwacha nyoka na kwenda kutaga mahali penye giza na unyevu, kwenye ufa wa mbao, chini ya matandiko, kwenye mshono wa gunia. Katika uhai wake anaweza kutaga mayai 60 hadi 80. Mayai huanguliwa haraka kukiwa na joto, na kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua siku 13 hadi 19 hivi. Katika hatua zote hizo, anamhitaji nyoka mara chache tu, wakati wa kunyonya. Muda mwingine yuko kwenye nyufa. Mdudu mzima anaweza kukaa wiki kadhaa akisubiri.

Kasha la mbao zilizopigiliwa misumari, linalofungwa ili nyoka asitoke na kumwagiwa maji ili asikaukiwe, ni makazi mazuri kwa mdudu wa aina hiyo. Ndiyo maana kazi ya kwanza hufanyika kwenye kasha, huku nyoka akiwa amehamishiwa kwenye chombo kingine safi.

Matandiko yote, majani, mabua na magunia, huchomwa moto mbali na nyumba. Kasha la zamani lenye nyufa ni bora lichomwe nalo, na nafasi yake ichukuliwe na pipa au kontena la plastiki lenye kuta laini, lililotobolewa matundu ya hewa. Ambaye hawezi kununua jipya anatakiwa kusugua kasha kwa sabuni, kulimwagia maji ya moto yanayotoka jikoni hadi kwenye kila kona, kisha kuliacha juani likauke kabisa. Utitiri hauvumilii joto kali, na mayai yake hunyauka yakikosa unyevu. Jua la Bariadi la mwezi Agosti, kwa kazi hii, ni dawa ya bure.

Chini ya nyoka hutandikwa karatasi, hata magazeti ya zamani. Karatasi haina mahali pa kujificha, vidoa huonekana, na kila siku hukunjwa na kuchomwa.

Dukani kwa dawa za mifugo

Mahali pa hatari zaidi katika safari yote hii ni duka la dawa za mifugo. Katika nchi ya wafugaji, maduka hayo hayako mbali, na rafu zake zimejaa dawa za kuua kupe. Mwenye chatu hufikiri kama mfugaji wa ng'ombe: kupe ni mdudu, utitiri ni mdudu, dawa ni moja. Anachanganya dawa ya josho kwenye karai na kumtumbukiza nyoka.

Ngozi ya chatu si ngozi ya ng'ombe, na pafu lake si la ng'ombe. Dawa za kuogeshea mifugo zimepimwa kwa mnyama mkubwa anayepita joshoni na kutoka kwenda kukauka malishoni. Nyoka anayelazwa ndani yake, kisha akafungiwa kwenye kasha lenye hewa kidogo, huivuta na kuimeza. Dalili za sumu ni kutetemeka, kichwa kuyumba, na kushindwa kujigeuza anapolazwa chali. Wengine hawaamki tena. Hapo tena, mchawi hupata lawama ambayo ilikuwa ya karai.

Sindano ya ivermectin, ambayo wafugaji wengi wanaifahamu, hutumiwa na madaktari wa mifugo dhidi ya utitiri wa nyoka pia. Tatizo ni kipimo. Dawa ya asilimia 1 inayouzwa kwa ng'ombe hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Kosa la nusu mililita kwa ng'ombe wa kilo 300 ni dogo, ila kwa chatu wa kilo 5 linaweza kuwa kifo. Kobe ndiye asipewe kabisa, kwa kuwa dawa hiyo humuua, na nyumba inayofuga kobe na nyoka pamoja inapaswa kulijua hilo mapema.

Njia iliyo salama ni kumpeleka nyoka, au angalau uzito wake uliopimwa kwenye mizani na kidoa kimoja kilichonaswa kwenye karatasi ya gundi, kwa daktari wa mifugo, kisha kufuata anachosema. Swali la kumuuliza ni hili: dawa hii inapakwa kwa nyoka au inapuliziwa kwenye kasha, na nyoka arudishwe baada ya muda gani?

Kazi ya wiki sita

Wakati huohuo, kuna mengi yanayofanyika nyumbani bila sumu yoyote.

La kwanza ni kumwogesha. Maji yawe vuguvugu, yasiyounguza kiwiko cha mtu, na kina chake kisizidi unene wa nyoka ili asilazimike kuogelea hadi achoke. Nusu saa inatosha, na mtu asiondoke karibu. Utitiri mwingi huzama, lakini unaobaki hupanda kichwani, palipo pakavu.

La pili, kwa hiyo, ni kichwa. Kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa mafuta ya kula hupitishwa taratibu kwenye kidevu, midomo na kuzunguka macho. Mafuta huziba pumzi ya mdudu. Yasimwagwe puani wala mdomoni, na nyoka asipakwe mwili mzima akabaki anateleza kwa siku kadhaa.

La tatu ndilo gumu, nalo ni kurudia. Mayai yaliyobaki yataanguliwa baada ya mwogo wa kwanza, na vijana wake watatafuta damu. Kuogesha, kubadilisha karatasi na kusafisha chombo kila wiki, kwa wiki nne hadi sita, ndiko kunakokata mzunguko huo. Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu nyoka ameanza kula na vidoa havionekani. Wiki ya pili ndiyo ambayo kizazi kipya kinakomaa.

Katika muda huo, chatu hachezi. Kwa mwenye kundi hili ndilo gumu kulipokea, hasa msimu ukiwa umepamba moto. Lakini nyoka aliyepungukiwa damu, anayeshikwashikwa juani mbele ya watu, hufa uwanjani, na huwaachia utitiri wenzake aliokutana nao.

Uwanja ni soko la wadudu

Kinga inaanzia hapo uwanjani. Makundi mawili yakikutana, nyoka huwekwa karibu karibu, magunia huazimwa, na mchezaji mmoja hushika nyoka wa mwenzake kisha akashika wake. Utitiri hutembea wenyewe, lakini husafiri haraka zaidi kwenye mikono, vitenge na magunia ya watu.

Kila kundi likija na chombo chake na lisiazime, mzigo mkubwa umepungua. Mchezaji aliyeshika nyoka wa kundi jingine anawe mikono kwa sabuni na kubadilisha shuka la mabegani kabla ya kumgusa wake. Nyoka mgeni, hata akionekana mzima, akae peke yake chumba kingine kwa miezi miwili hadi mitatu, awe na beseni lake na kitambaa chake, na ahudumiwe wa mwisho, baada ya wenyeji.

Kuna kinga nyingine, ambayo ni ya sheria. Bariadi iko jirani na Pori la Akiba Maswa na Serengeti, na kishawishi cha kumchukua chatu porini ni kikubwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata au kumiliki mnyamapori, na chatu yumo pia katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama walio hatarini. Kibali huokoa na kesi. Aidha, hupunguza nyoka wa kuokotwa, ambao ndio huja na kupe, utitiri na minyoo ya porini.

Beseni la nyoka si la mtoto

Nyumba yenye chatu mwenye utitiri huweza kujikuta nayo inawashwa. Wadudu hawa wakikosa nyoka huuma watu, na huacha vipele vidogo vyekundu mikononi na kiunoni. Hawaishi juu ya binadamu, hivyo vipele hupungua kasha likisafishwa. Vikizidi au vikitunga usaha, kituo cha afya ndiyo njia.

Lililo zito zaidi ni bakteria wa salmonela, ambao nyoka mzima kabisa anaweza kuwabeba tumboni bila kuugua. Kwa mtoto mchanga huleta kuhara na homa vinavyoweza kumlaza hospitalini. Wataalamu wa afya hushauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na nyoka. Palipo na desturi ya ngoma na nyoka tayari yupo, basi kasha likae nje ya nyumba wanamolala watoto, mbali na jiko. Beseni la kumwogeshea lipakwe alama ya rangi, lisije likaoshewa vyombo wala kumwogeshea mtoto. Maji yake yamwagwe shimoni, mbali na kisima. Na kila aliyemshika nyoka anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Jioni, viwanja vya Bariadi hujaa vumbi la miguu ya wachezaji. Ngoma zikilia, watazamaji husogea kuona nani ameleta nini. Hawatajua kama chatu aliye shingoni mwa mchezaji amekaa wiki sita kwenye karatasi za magazeti, wala kwamba kabla ya kutoka nyumbani amepitishwa kwenye kitambaa cheupe na kitambaa kikabaki cheupe. Mwenyewe anajua, na jirani yake hajasingiziwa.